Mbegu ya Kurudi Nayo

Kazi yangu ni kumwagilia nyasi. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani niko Doha nafanya la maana. Nimetoka mahali ambapo maji yanatufukuza kila baada ya miaka michache, nikaletwa jangwani kuyapeleka maji kwenye nyasi ambazo hakuna anayezikalia. Pearl, ninakofanya kazi, ni kisiwa cha kutengenezwa. Walimwaga mchanga na mawe baharini mpaka ardhi ikatokea, wakaijaza majumba, mikahawa na boti nyeupe ambazo mwaka mzima haziendi popote. Mimi nashuka kwenye basi la kampuni asubuhi, navaa gambuti, nafungua koki, halafu nakagua mipira midogo myeusi iliyozikwa chini ya nyasi, natafuta palipoziba. Zikikosa maji siku mbili za Julai, nyasi zinageuka rangi ya biskuti na msimamizi anataka kujua nilikuwa wapi.

Kwetu ni delta ya Rufiji, upande wa chini kabisa, ambako mto umeshagawanyika mara nyingi kabla ya kuifikia bahari. Maji matamu yanashuka kutoka juu, maji ya chumvi yanapanda na bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, na sisi tunalima mpunga hapo katikati. Ndiyo maana watu wa kwetu wanakaa kwenye madungu. Dungu ni nyumba yenye miguu: nguzo za mkandaa, mti mgumu wa mikokoni, zimechimbiwa kwenye tope, sakafu ya fito iko juu kuliko kichwa cha mtu, kuta na paa ni makuti, na kuna ngazi unayoivuta juu ukiogopa nguruwe na viboko. Mafuriko yakija yanapita chini yako. Wewe unakaa juu na mafiga yako na kuni zako, unasubiri yaondoke.

Ndani ya dungu la mama, juu ya mafiga, kulikuwa na kichanja cha kuwekea mbegu. Moshi ulikuwa ukipanda hapo kila siku, na mdudu yeyote aliyejaribu kusogea alikufa. Mbegu yenyewe ilikuwa na ganda la rangi ya majivu, na ukiimenya punje yake ilikuwa nyekundu. Mama aliipata kwa mama yake, na kila msimu alipita shambani kabla ya mavuno akichagua masuke kwa mkono, hasa kwenye ile kona iliyoingiwa na chumvi. Suke lililostahimili pale ndilo alilolitaka. Majirani walikuwa wanakuja kuazima kwake wakati wa kupanda, wanarudisha baada ya kuvuna. Wengi hawakujisumbua kuweka yao, kwa nini wajisumbue na mama yupo.

Chumvi ile kwenye kona tuliileta wenyewe, na mimi nikiwa mstari wa mbele. Nilipokuwa kijana nilikata mikoko ya ukingoni kwa ajili ya boriti, na wanunuzi walikuwa wanakuja mpaka mlangoni. Mama alisema mikoko ikiisha pale maji yataingia. Nilimwona mtu wa zamani tu. Yaliingia, na kona ya shamba ikaanza kutoa unga mweupe wakati wa kiangazi. Sikumsikia akinikumbusha hata siku moja, na laiti angenikumbusha.

Nilipopata safari ya kuja huku, mama alinifungia mpunga wa mbegu kwenye kipande cha kanga, kiasi cha vibaba viwili. Ndiyo desturi yetu kwa anayekwenda mbali. Hufungiwa mbegu, na akirudi anaipanda kwa mkono wake ndipo ahesabike amerudi. Mama alinitazama akasema, "Baba, hii si ya kula. Hii ni ya kurudi nayo." Nikaitikia, nikaiweka chini ya nguo kwenye begi.

Nililala chumba kimoja na dereva mmoja wa Unguja, mtu wa maneno mengi na roho nzuri. Idi yetu ya kwanza alileta samaki mkubwa na nazi, akaanza kuulalamikia wali wa huku, kwamba ni mrefu na mweupe lakini hauna harufu wala ladha. Mimi nikatia mdomo. Nikamwambia kuna wali wa kwetu, ukiupika mtaa mzima unajua. Akasema hayo ni maneno ya watu wa delta, hajawahi kuwaona wakiwa na kitu zaidi ya mbu. Basi nikalivuta begi.

Hatukuwa na kinu. Tuliukoboa mpunga wa mama kwenye sinia kwa kuviringisha chupa, tukapeperusha maganda kwa feni, na chumba kizima kikachafuka. Ulipoiva ulikuwa wa waridi kwa ile nazi, na harufu yake iliniliza kweli, nikamwambia mwenzangu ni kitunguu. Alikula sahani tatu, akaniomba radhi. Tulicheka sana siku ile. Sikubakisha hata punje, kwa sababu nyingine ilikuwa nyumbani juu ya moshi, tele, na ningeomba nyingine siku yoyote.

Miaka ikaenda, nikashikwa na ugonjwa unaotushika wote huku, wa kutaka kujenga. Jioni, wanaume wa kambini wanaonyeshana picha za nyumba kwenye simu. Huyu amepiga bati la rangi, huyu ameweka vigae mpaka barazani. Mimi picha yangu ilikuwa ya dungu. Niliionyesha mara moja tu, na mtu mmoja akauliza kama ni banda la kuku. Sikumsamehe, na sikulisamehe lile dungu.

Kukaa kwangu Pearl nako kulinidanganya. Kila siku natembea juu ya ardhi iliyokuwa bahari, na bahari imekaa pale ilipoambiwa ikae, nyuma ya ukuta wa mawe. Hakuna nyumba yenye miguu. Siku ikinyesha mvua kidogo na maji yakituama barabarani, yanakuja magari ya kunyonya, yanayanyonya na kuondoka nayo. Nikaanza kuamini kwamba maji ni kitu cha kuamrishwa, na kwamba watu wa kwetu walikuwa wanakaa juu ya miti kwa sababu tu hawakuwa na saruji.

Nilimtafuta fundi wa mjini. Nikamwagiza nyumba ya matofali, sakafu chini kwenye ardhi, vigae, rangi nyeupe ndani na nje. Dungu libomolewe, nguzo zake atumie kwenye jukwaa la kujengea, zikibaki ziwe kuni. Na moto usiwashwe ndani kabisa, moshi utaharibu rangi yangu. Jiko liwe nje. Hayo niliyasema mimi, kwa sauti ya mtu anayelipia.

Mama alinipigia Ijumaa moja. "Nguzo hizi aliziweka baba yako," akasema.

"Mama, zimeoza."

"Hazijaoza, baba. Mkandaa hauozi. Na maji je?"

"Fundi ameinua msingi."

"Ameinua mpaka hapa," akasema, na sikumwona alipoonyesha. Ilikuwa magotini, nilijua baadaye. Sikuuliza. Nilimwambia apumzike sasa, zamu ya kupanda ngazi imekwisha, aishi kama mama za watu wengine. Alisema, "Haya, Mungu akubariki," na mimi nikachukua hiyo kuwa furaha.

Picha ya nyumba ilipofika niliitembeza kambi nzima. Yule dereva wa Unguja alinipa mkono kwa mikono yote miwili. Nilimwonyesha pia mwenzangu wa kazini, Mbangali mmoja wa makamo kutoka Bangladesh tuliyekuwa tunazibua naye mipira. Kwao ni delta kama kwetu, pana kuliko yetu, na watu wamejaa. Aliishika simu karibu na uso, akaikuza picha, akaisogeza juu na chini. Kisha akaniuliza kwa kile Kiarabu chetu cha kazini, ambacho hata Mwarabu mwenyewe hakielewi, "Sadiki," yaani rafiki, "miguu yake iko wapi?"

Nikamwambia hii ni nyumba ya kisasa.

"Kwetu tunajaza udongo kwanza, juu hivi," akasema, akainua koleo mpaka kifuani. "Halafu nyumba. Mama yako anakaa humo?"

Nilimnyang'anya simu. Wiki nzima sikumsemesha ila kwa kazi. Mtu pekee hapa Doha aliyeiona nyumba yangu vile ilivyo, nami nikamchukulia kuwa ana wivu.

Mafuriko yalikuja msimu wa tatu wa nyumba ile. Juu mto ulikuwa umejaa, na bamvua likapanda siku hizo hizo, kwa hiyo maji yakakosa pa kwenda. Wiki ile ile mvua ilinyesha Doha pia, ikaingia kwenye maegesho ya chini ya majengo, na sisi wa bustani tukaitwa kushika pampu. Nilikuwa nimesimama kwenye maji ya kifundo cha mguu, nikiyaokoa magari ya watu kwa bomba nene, simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa dada yangu. Alisema mama yuko salama, yuko juu kwenye dungu la jirani, walimfuata kwa mtumbwi. Alisema nyumba ukuta wa upande wa mto umelala. Nikamuuliza mara mbili kama mama yuko salama kweli. Kisha nikarudi kwenye pampu, maana msimamizi alikuwa ananiangalia.

Maji yalikaa kwetu siku nyingi. Ya huku yaliondolewa kabla ya chakula cha mchana.

Kuhusu mbegu sikufikiria. Naomba nieleweke: mimi niliyekua nikilala chini ya kichanja kile, sikufikiria. Mama ndiye aliyenieleza alipopata simu mkononi, taratibu, kama anavyoeleza habari za msiba wa mtu mwingine. Nyumba nyeupe haikuwa na moshi wala kichanja. Mbegu aliitia kwenye magunia, akayapanga kwenye vigae pembeni ya kitanda, akawa anaianika kila mwezi kupambana na wadudu. Maji yalipoingia yalianza na hapo chini. Magunia yalivimba, mpunga ukachipua humo humo ndani, kisha ukaoza. Shamba nalo lilikuwa chini ya maji, la kwake na la waliomwazima. Waliokuwa hawaazimi walishahamia mbegu ya dukani, na hiyo kwenye chumvi haisimami.

"Pole, mama," nikasema.

"Ndiyo mambo ya dunia, baba." Nilimsikia akijikohoza. "Lakini nimewaambia watu wasihangaike. Nimewaambia ipo. Ile niliyokufungia kwenye kanga, si unayo?"

Feni ya chumba ilikuwa inazunguka. Yule wa Unguja alikuwa amekaa kitandani kwake akikata kucha, na nikaona mikono yake inasimama.

"Ninayo, mama," nikasema.

"Nilijua. Ni vibaba viwili tu, lakini nikipanda kidogo kidogo, misimu miwili itawatosha wote." Akacheka. Tangu mafuriko sikuwa nimemsikia akicheka. "Kila mtu ananiuliza mwanao anarudi lini."

Likizo yangu ni mwezi ujao. Dada anasema watu wameshalima ile kona ya chumvi, wameipalilia ikawa safi, wanasubiri. Jirani aliyemwokoa mama ameweka kichanja juu ya mafiga yake, nafasi ya mbegu yetu. Dereva wa Unguja ameniambia nimwambie mama ukweli kwa simu kabla sijafika. Ni ushauri mzuri, na yeye alikula sahani tatu.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Abu Hamour, mtaa wa masoko hapa Doha. Nilipita kila duka la nafaka. Mchele wa kila aina umejaa mpaka darini, mrefu, mfupi, wa magunia yenye picha za ngamia na za maua, na wote umekobolewa, hakuna punje inayoweza kuota. Wauzaji hawakuelewa ninachotafuta. Mwishowe nikamchukua yule Mbangali, ambaye hakuniuliza nyumba iliishia wapi, kwa sababu alishajua. Alinipeleka kwenye duka la chakula cha ndege. Pale kulikuwa na gunia la mpunga wenye ganda, wa kulishia njiwa. Nilinunua vibaba viwili.

Nilirudi nao chumbani nikaufunga kwenye kipande kile kile cha kanga, maana kitambaa nilikitunza, kitambaa sikukila. Ulifungika vizuri. Kwa nje mtu asingejua. Ganda lake lilikuwa la manjano kidogo, lakini mbegu ikikaa miaka hubadilika rangi, ningeweza kusema hivyo.

Kisha nikakumbuka atakavyofanya. Atafungua fundo mbele ya watu waliokuja kupokea, atachukua punje moja, ataimenya kwa ukucha wa kidole gumba kama anavyofanya siku zote. Nikalifungua fundo mwenyewe, nikamenya punje moja juu ya kitanda. Ilikuwa nyeupe. Nikamenya nyingine, na nyingine, mpaka yule wa Unguja akaniomba niache.