Nyumba Yangu Ilipimwa Kilo Neasden

Nyumba yangu iliwahi kupimwa kilo kama gunia la viazi, nami nikiwa ndani nimeshika kikombe cha chai.

Msicheke bado. Wakati wa kucheka ukifika nitawaambia.

Naitwa Serah. Ni nesi, na kwa miaka kumi na tisa nimefanya kazi ya usiku katika hospitali za London. Mume wangu ni Bonface, bingwa wa kupanga mambo. Mwaka juzi binti yetu Natasha alipohamia kwake, mzee aliamka asubuhi akasema turudishe funguo za nyumba, tununue gari la kuishi ndani, tuzunguke nchi nzima.

"Nyumba ya magurudumu," akaniambia. "Leo hapa, kesho kule."

Nikakubali kwa sharti moja.

Siku nitakayotimiza miaka hamsini, tarehe ishirini Juni, niwe Shetland, visiwa vya kaskazini kabisa mwa Uskoti. Mwezi huo kule giza haliingii sawasawa. Mtu aliyekaa gizani miaka kumi na tisa akigeuza wagonjwa ana haki ya kuona usiku mmoja wenye mwanga. Sikuomba dhahabu.

Bonface akaapa.

Sasa niwaeleze huko kuzunguka nchi nzima kulivyokuwa. Mwaka mzima tuliegesha nyuma ya kanisa letu, Thamesmead, London, kwa ruhusa ya mchungaji. Leo hapa, kesho hapa hapa.

Bonface akawa anapiga picha kando ya mto na kuandika mtandaoni, "Barabara inaniita." Kuita ilikuwa inaita. Yeye ndiye alikuwa hapokei.

Kila siku ya tatu alichomoa lile boksi la choo chini ya gari akalibeba kwenda kulimwaga. Siku ya mazoezi ya kwaya alipita nalo mbele ya watu akisalimia kwa adabu, utadhani amebeba sadaka.

Lakini kwa mipango, jamani, mzee wangu hana mpinzani. Safari ya Shetland aliichora kwenye chati akaibandika juu ya sinki. Kijani ni mahali pa kulala, buluu ni pa kujaza maji, kahawia msiniulize. Tunaondoka London Jumatatu asubuhi, Jumatano jioni tunapanda feri Aberdeen. Alihesabu mpaka dakika za kusimama kunywa chai.

Kitu kimoja tu hakukihesabu. Wakenya.

Mkenya akisikia unasafiri, hasikii safari. Anasikia nafasi.

Jumapili baada ya ibada, Jacqueline, mwenyekiti wa akina mama, ndiye aliyefungua njia.

"Brother Bonface, si mtapitia Leeds? Nibebee hako kamzigo kadogo ka dada yangu."

Hako kamzigo kadogo kalibebwa na wanaume wawili.

Nyuma yake kukawa na foleni. Unga wa ugali wa mtu wa Newcastle. Cherehani ya mtu wa Dundee. Biblia za Kikuyu, maboksi mawili. Televisheni ya nyanya fulani ambaye hata mwenye kuituma hakuwa na uhakika anakaa mtaa gani. Mizigo kumi na mmoja, na kila mmoja ukiletwa Bonface anasema, "Hakuna shida," huku kifua kikizidi kupanda.

"Baba Natasha," nikamwambia, "hii ni nyumba au kampuni ya mizigo?"

"Sasa mtu wa kanisa utamwambiaje hapana?"

"Unafungua mdomo, unasema hapana."

"Huo si utu, Serah."

Nilifoka. Nilimwambia ni mtumwa wa sifa, kwamba akiitwa Brother mara mbili anaweza kubeba hata madhabahu. Waumini walisikia, na sikujali.

Jumatatu tukang'oa nanga. Natasha akatutumia ujumbe kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakielewa lakini kukijibu hataki, kwamba tusisahau kumpigia tukifika Uskoti.

Tulisafiri saa moja na nusu.

Pale Neasden, kwenye ile barabara kubwa ya kuzunguka kaskazini mwa London, ofisa mmoja akatupungia mkono tuingie kwenye yadi. Ukaguzi wa uzito. Gari letu linaruhusiwa kilo elfu tatu na mia tano. Likapandishwa kwenye mizani, nami ndani na chai yangu.

Elfu tatu, mia tisa na kumi.

Ofisa alikuwa mama wa makamo, mpole, hana haraka. "Hamwondoki hapa mpaka mshushe kilo mia nne na kumi," akasema.

Nikatazama dirishani. Juu ya mapaa ya nyumba nikaona minara myeupe ya lile hekalu la Wahindu. Watu hutoka mbali kuja kuliona. Sisi mwaka mzima wa kupanga safari ya kaskazini ya dunia ulikuwa umetufikisha hapo.

Wakati wa kucheka ndio huu. Chekeni.

Bonface akaanza kupiga simu. Jacqueline hapokei. Mwenye cherehani yuko kazini. Mwenye televisheni akasema, "Pole sana, Brother, tutawaombea," akakata. Watu waliokuja mbio kama moto Jumapili, Jumatatu hakuna hata mmoja mwenye miguu.

"Basi tuviache hapa ukutani twende," nikamwambia.

"Ni amana za watu, Serah. Na mvua inanyesha."

Tukalala yadini. Mimi juu ya kitanda nageuka tu, nahesabu saa za kufika Aberdeen, namlaani mume wangu kimoyomoyo na wakati mwingine kwa sauti.

Jumanne jioni ndipo gari la kanisa lilipopatikana. Mizigo yote kumi na mmoja ikapakiwa, ikarudi Thamesmead. Bonface akajifuta jasho. Tukiendesha usiku, feri tunaiwahi.

Yule ofisa akatupandisha tena kwenye mizani.

Kilo tisini zimezidi.

Bonface akakunja uso. Akafungulia bomba, maji yote ya tangi yakamwagika. Akashusha mtungi wa gesi wa akiba. Akashusha kiti chake cha kukunja anachokipenda kuliko ndugu zake. Mizani ikapungua kidogo, ikagoma.

"Sielewi," akasema. "Nilihesabu kila kitu."

Mimi nilikuwa nimenyamaza kimya. Serah, mwenye mdomo.

Ofisa akainama, akagonga ubavu wa gari. "Na hapa chini ya kitanda kuna nini?"

Bonface akafungua. Sufuria nne za pilau, zile za kulisha mtaa. Kinu na mchi wake. Majiko mawili ya chuma. Mchele, magunia mawili.

Vilikuwa vyangu. Yaani vya Nusra, dada wa Mombasa mwenye duka Tottenham, rafiki yangu wa miaka mingi. Mpwa wake alikuwa anaoa Glasgow. Aliniuliza, nami nikasema, "Hakuna shida." Nilivipakia Jumamosi Bonface akiwa kwenye mkutano wa wazee wa kanisa. Siku iliyofuata nikasimama mbele ya waumini nikimwita mtumwa wa sifa.

Nyani haoni kundule. Mimi langu nilikuwa nalilalia.

Nilingoja Bonface alipuke. Ningefurahi angelipuka. Alinitazama tu, akasema taratibu, "Na wewe, Mama Natasha?" Kisha akaenda kukaa kwenye kiti chake cha kukunja, mvuani.

Hapo ningempigia Nusra, usiku ule ule angekuja na tungeondoka. Sikupiga. Niliona haya. Nilikuwa nimejitutumua kwake kwamba sisi ni wasafiri, gari letu linabeba chochote. Nikajiambia labda asubuhi yule ofisa atalegea, labda mizani ina kasoro. Nikaipoteza saa moja, nyingine, mpaka kukapambazuka.

Nilimpigia Jumatano saa tatu asubuhi. Saa tano akafika na gari la kuazima, kajifunga leso kiunoni, hana hata kinyongo. Tulipomaliza kupakia akanishika bega.

"Shoga yangu, mimi niliuliza tu. Ungeniambia huwezi, ningekodi sufuria huko huko Glasgow. Kwani Glasgow hawali pilau?"

Nikamfungia mlango wa gari.

Aberdeen ni mwendo wa saa kumi na mbili kwa gari letu. Feri iling'oa nanga jioni hiyo sisi tukiwa tunajaza maji upya Thamesmead. Nafasi nyingine ya gari refu ilikuwa katikati ya Julai, na Bonface likizo yake ingekuwa imekwisha.

Tarehe ishirini Juni nilitimiza miaka hamsini nyuma ya kanisa. Bonface alinipikia chapati, akaniwekea kiti nje tukae tuangalie jua. Likazama saa tatu na dakika ishirini na moja usiku, kwa wakati wake, halina habari na mimi. Giza likaingia, lile lile ninalolijua. Nililia, na sikujificha.

Mwaka huu tumekata tiketi tena. Mlangoni tumeweka mizani ya bafuni, kila kinachoingia kipimwe, na chati imebandikwa upya.

Jana Jacqueline alikuja. "Sista Serah, nasikia mnapitia Leeds. Kuna kamzigo..."

"Hapana," nikasema.

Nikasubiri mbingu zianguke.

"Haya, sawa," akasema. Akauliza kama nina chumvi, nikampa, akaenda zake.

Ndugu zangu, msimlaumu mtu kwa kuwaomba. Kuomba ni kazi yake, na kujibu ni kazi yenu. Mimi neno hilo moja lilinichukua miaka hamsini, na kutolisema kulinigharimu usiku wangu wa mwanga pale Neasden.