Rejista Niliyoiita Fukayosi

Nilikwenda Bagamoyo kwa sababu ya ubishi. Katika chuo kikuu nilikokuwa profesa wa elimu ya mimea, wenzangu walishikilia kwamba msitu wa pwani unaweza kufundishwa kwa majani makavu yaliyobandikwa kwenye karatasi. Nikawaambia jani kavu ni maiti. Wakachoka nami, nikapewa lori na wanafunzi tisa.

Bagamoyo tulifika Jumatatu adhuhuri. Tulipanga kwa Bi Mwanaisha, mjane wa makamo asiyependa maneno mengi. Kesho yake mwanafunzi wangu Daudi akashikwa na homa. Mganga wa zahanati akampa kwinini, akasema alale. Nikamwacha mikononi mwa Bi Mwanaisha, nikaondoka na wanane.

Njiani tulivuka Ruvu kwa pantoni, na saa nne tukawa Fukayosi. Kombo, mchoma mkaa, ndiye aliyekuwa atuongoze. Kabla hatujaingia msituni alinivuta kando.

“Mwalimu, humu hatuitani majina. Ukimtaka mtu, gonga mti.”

“Kwa nini?”

“Anayeitwa huitika.”

“Bwana Kombo, si ndiyo kazi ya jina hiyo?” nikamtania. Hakucheka.

Saa tisa alasiri kazi ilikwisha, nikatoa rejista. Mwalimu akirudi na wanafunzi pungufu hana la kujitetea, kwa hiyo huita majina kila siku. Niliita kwa mazoea, kidole kikishuka kwenye karatasi, na la nne lilikuwa la Daudi. Lilinitoka kabla sijakumbuka.

“Nipo, mwalimu,” ikaitika sauti nyuma ya miti.

Ilikuwa sauti yake. Wanafunzi wote wanane walikuwa mbele yangu, wamenyamaza. Nilijiambia ni mwangwi, ingawa mwangwi hautamki neno usilolisema. Kombo alitwaa panga lake, akatangulia kutoka bila kutuaga.

Tuliporudi Bagamoyo, Bi Mwanaisha alikuwa mlangoni.

“Saa tisa alikaa kitako akasema, ‘Nipo, mwalimu.’ Tangu hapo hali wala hasemi.”

Daudi alikuwa macho wazi, akitazama dari. Mganga alimshika mkono, akasema mapigo yanafifia na haelewi sababu. Niliogopa sana. Mama yake Daudi alikuwa amenikabidhi mwanawe stesheni, mkono kwa mkono.

Nikamweleza Bi Mwanaisha yaliyotokea msituni. “Ulimwita kwenye somo,” akasema. “Ulimruhusu kuondoka?”

“Sikumruhusu.”

“Basi yuko huko bado.”

Asubuhi nilirudi Fukayosi. Dereva nilimdanganya kwamba nimesahau kisu changu. Nilisimama pale pale peke yangu, nikiona haya kwa elimu yangu yote, nikasema kama nisemavyo chuoni: “Somo limekwisha, Daudi. Ruhusa kuondoka.”

Niliporejea Bagamoyo nilimkuta anakunywa uji, akilalamika kwamba hauna sukari. Nilishika ukingo wa kitanda nikalia mbele yake.

Najua homa hushuka yenyewe, na chuoni niliwaeleza wenzangu hivyo hivyo. Nilichojifunza ni kutoita jina la mtu nisiyemwona. Wanafunzi wakiniuliza sababu, huwaambia ni utaratibu wangu tu. Sijamwambia mtu kwamba nilipotoa ruhusa ile, sauti zilizojibu “Ahsante, mwalimu” zilikuwa nyingi mno, za wakubwa na watoto, na mimi nilikuwa nimeita jina moja.