Simu ya Wifi Yangu Haijui Kura

Wivu ninao, sifichi. Tena wivu wa mawifi, ule usio na dawa.

Wifi yangu Scolastika anauza chakula hapa Maganzo, meza yake inatazamana na yangu. Wachimba almasi wakitoka machimboni wanaipita sufuria yangu wanakwenda kwake, na wali mzuri ni wangu. Hilo nililimeza. Lakini aliposema naye anagombea uenyekiti wa mama lishe, nikaona sasa ananitafuta. Halmashauri ilitaka kutuondoa kando ya barabara tunapouzia; mwenyekiti ndiye angetusemea tusihamishwe, na kusema ndiyo kazi yangu. Mimi mtu wa Tabora, Kiswahili nimekinyonya kwa mama. Yeye Msukuma wa Kharumwa, barabara kwake ni "balabala".

Binti yake Agnetha akamwekea kwenye simu programu ya kujifunzia hotuba. Unasema, yenyewe inaandika ulivyotamka. Kila alasiri akisuuza vyombo namsikia anaomba kura, na simu inaandika "kula". Anauzungusha ulimi, anarudia. Kula.

"Wifi," nikamwambia, "simu imeshakujua ulafi wako."

Akacheka, wala hakununa. Hicho ndicho kinachoniudhi kwake.

Siku ya uchaguzi nilitangulia mimi. Nilisema maneno yaliyonyooka, yenye vituo. Wakanipigia makofi ya adabu.

Akasimama yeye, simu mkononi. "Mwangaluka, akina mama. Mwezi mzima naifundisha simu hii neno moja, inakataa. Nikiomba ile ya kwenye kikalatasi, inaandika kula. Jana nikasema labda ina akili kunizidi. Tukihamishwa pale balabalani, watoto wetu watakula wapi? Basi naomba hiyo hiyo. Nipeni kula zenu."

Walicheka mpaka khanga zikadondoka. Wakampa zote, isipokuwa yangu na ya Zipora, ambaye ananiogopa.

Jioni mume wangu, kaka yake huyo huyo, akaja na ile simu nyumbani. Eti dada yake kasema na mimi nijaribu. Roho iliniuma, lakini nikaisomea hotuba yangu yote. Haikukosea hata herufi. Nikaisoma, nikairudia, nikitafuta mahali ambapo mtu angecheka au hata kuguna.

"Mimi" ilikuwa kila mstari. Barabara, neno ninalolitamka vizuri kuliko wote Maganzo, halikuwamo.