Ukumbi Usio na Nguzo

Nilitoka Harrow Alhamisi asubuhi kwa sababu ya nguzo. Mama Neema, Mkongo wa Bukavu aliyenipa kochi lake nilale tangu nifike London, alikuwa anamwoza binti yake wiki iliyofuata, na ukumbi waliouchagua ulikuwa umepasuka bomba. Kumbi nyingine alizoziona zilikuwa na nguzo katikati. Kwao bibi harusi haingii kwa kutembea. Anaingia akicheza polepole, msafara mzima nyuma yake. Nyanya yake Neema alikuwa amesafiri kutoka Bukavu kuiona siku hiyo, na miguu yake haimruhusu kusimama achungulie.

"Weye hauna kazi," Mama Neema aliniambia, akivaa sare yake ya kutunza wazee. "Enda uangalie huu mwingine wa mashariki. Saa sita kuko watu wengine wanakuja kuuona. Unipigie kabla hawajafika."

Treni ya Metropolitan ilipita nyuma ya nyumba pacha na bustani zake, kisha ikazama ardhini. Nilibadilisha treni, nikatokea upande wa mashariki, karibu na mto. Jengo lilikuwa la matofali mekundu, na juu ya mlango palichongwa nanga. Nilidhani ni gereza lililookoka, likawa kanisa.

Mlangoni alikaa mwangalizi wa ukumbi, Bwana Gurdip, mzee wa kilemba cha buluu anayeishi Southall.

"Wewe wa wapi, kijana?"

"Tanga."

"Mimi Kisumu. Ingia, jirani, usisimame mlangoni kama polisi."

Niliingia, nikasahau kilichonileta. Nimelala katika maghala na stesheni nyingi, lakini paa la namna ile sikuwahi kuliona. Matao ya chuma yanaanzia sakafuni kwenyewe, yanapanda yakijikunja hadi yanakutana juu kabisa, ambapo kuna ukanda wa vioo unaomwaga mwanga mpaka chini. Vichwa vya ribiti, zile pini za kuungia vyuma, vimepangwa kama vifungo vya koti. Katika ukuta wa mwisho wameacha madirisha ya mraba ya kutolea mizinga, kama ubavu wa meli ya vita. Enzi za Malkia Viktoria, makarani na wauza duka waliojitolea walikuja hapa baada ya kazi kufanya gwaride na kujifunza mizinga ya jeshi la majini.

"Mabaharia wasiolowa," Bwana Gurdip alisema.

Nilimpigia Mama Neema.

"Nguzo?"

"Hakuna hata moja. Mama, ungeliona hili paa..."

"Juu ya paa hatutacheza. Chini kuko namna gani?"

Chini sikuwa nimetazama hata kidogo. Niliinama: mbao nene, ndefu, zimelazwa kama sitaha.

"Zilibeba mizinga," Bwana Gurdip aliniambia. "Zitashindwa na mashangazi?"

"Huyo hajaona mashangazi zangu," simu ilijibu. "Cheza!"

Nikaiweka simu sakafuni, nikacheza mwendo wa harusi kutoka mlangoni hadi kwenye madirisha ya mizinga, Bwana Gurdip nyuma yangu akipiga makofi. Mbao ziliitikia kila hatua. Mlio ulipanda kwenye matao, ukarudi mnene, kana kwamba tuko watu hamsini. Niliiokota simu. Nikaogopa kwamba mwangwi umetuponza.

"Mama?"

"Nilikuwa nasikiliza. Mwambie tunauchukua."

"Na wale wa saa sita nitawaambia nini?" Bwana Gurdip aliuliza.

"Waambie kuna gwaride," nilimjibu.

Jioni, Harrow, Neema aliniuliza kwa Kiingereza chake kama kuna baridi ukumbini. Ipo, nilimwambia, na ni ya chuma. Acheze tu.

Shule niliiacha kabla hawajafika kwenye hesabu za kubeba paa. Ila nimejifunza kwamba kuna watu waliokaa wakaumiza vichwa, ili pasisimame kitu kati ya anayepita na anayemtazama.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, nyanya aliketi chini ya madirisha ya mizinga. Mlango ulipofunguliwa, Neema alionekana mdogo kama kidole, mbali kule. Nyanya alianza vigelegele hapo hapo, na hakukoma mpaka mjukuu wake alipomfikia.