Klorini kwa Ng'ombe wa Mama Mkwe

Kipindupindu kilipofika Voi nilikuwa nesi mpya, mama mpya, na mwenye hasira za kutosha kijiji kizima. Mwanangu wa miezi minane nilikuwa nimempeleka Werugha, juu milimani, kwa mama mkwe. Mimi nikabaki kwenye mahema nyuma ya hospitali, kati ya vitanda vyenye tundu katikati na ndoo chini. Ndoo za nini, usiniulize.

Sista wetu, mkuu wa manesi, mama wa Kiislamu, mzaliwa wa Voi, alikuwa na sheria yake. Kila asubuhi tulinawa kwenye beseni la klorini, na kabla ya kuingia hemani kila mmoja sharti aseme anaogopa nini. Dresa mmoja, mfunga vidonda wetu, jitu kutoka Kishushe lililozoea kufukuza simba ranchini, lilisema, "Naogopa ndoo ya kitanda cha nne." Tulicheka mpaka wagonjwa wakauliza kuna nini. Mwenzangu mwingine aliogopa kwamba akifa, dada yake atachukua cherehani.

"Na atachukua," Sista akamwambia. "Kwa hivyo nawa vizuri."

Ikifika zamu yangu nilisema, "Siogopi kitu."

"Uwongo huo unapita leo tu," Sista alinijibu. Alinijibu hivyo kila siku, wiki tano.

Ukweli ni kwamba siku moja ya ofu, ya kupumzika, nilipanda Werugha, nikakwama kwenye ua. Mtoto alininyooshea mikono. Yangu ilikuwa imepasuka kwa kunawa, na bado niliuona ugonjwa kwenye viganja vyangu. Nikasema gari litaniacha. Nilishuka mlima nikilia kwa hasira, nikimtukana kila mtu kimoyomoyo, hata mume wangu aliyekuwa akiniandikia kutoka Mombasa eti nijikaze. Ajikaze yeye!

Basi asubuhi moja Sista akaziba mlango wa hema. "Leo hupiti."

"Naogopa kumshika mtoto wangu!" nikafoka. "Umeridhika?"

Hakuna aliyecheka. Kisha yule dresa akasema polepole, "Hata mimi wangu sijamshika. Nalala stoo, na magunia ya mahindi." Mwenye cherehani naye akainua mkono. Kumbe tulikuwa wengi.

"Nyinyi ndio mnaowafundisha watu sokoni kwamba kipindupindu kinapitia mdomoni," Sista akasema. "Lini kimeanza kupitia kwenye kumbatio? Kesho ni ofu yako, mwanangu. Nenda."

Nilienda, na chupa ya klorini kwenye kikapu. Nilinawa. Nikaosha lango. Nikaosha kitasa cha mlango. Nilipomwona mama mkwe anachuchumaa kukamua, nikawahi kuosha kiwele cha ng'ombe. Ng'ombe hakusomea unesi. Alipiga teke ndoo ikabingirika mpaka kwenye kabichi.

"Wewe! Nani amekuambia ng'ombe wangu anaharisha?"

Kwenye matuta ya chini majirani waliacha majembe wakashika mbavu.

"Naogopa, mama," nikasema.

Akajifuta mikono kwenye leso. "Mimi nami naogopa. Kila gari likipanda hapa, nasema limekuleta ndani ya sanduku." Kisha akanyoosha viganja. "Haya, nimwagie na mimi."

Tulipokuwa tukinawa, mtoto alitambaa mpaka chini ya ng'ombe, akaja kunishika sketi kwa mikono miwili iliyojaa samadi. Nilijua vizuri kilichokuwa kwenye mikono ile. Nilikuwa na cheti. Nikamnyanyua. Akanipaka shavu, shingo, na kola nyeupe niliyoipiga pasi Voi kwa makaa.

"Muoshe sasa," mama mkwe akasema, "na maji yabaki. Ng'ombe ameshaoga."

Nilimwosha mara moja tu. Nilishinda naye mgongoni siku nzima, nikichuma mboga ambazo hata hazikuhitajika.

Kesho yake, kwenye beseni, Sista aliuliza kama kawaida, "Na wewe, unaogopa nini?"

"Ng'ombe," nikasema, na kwa mara ya kwanza alinipisha bila kunisahihisha.