Tasbihi Niliyojifichia

Leo nimelitumia jina la Mwenyezi Mungu kumkwepa mfanyakazi mwenzangu.

Juzi Bi Zuhura, ambaye tunashona naye hapa Buhongwa, alinisahihisha vipimo vya kanzu mbele ya mteja.

Alikuwa sahihi. Ndiyo maana nilikasirika.

Leo asubuhi aliponiamkia, sikumwitikia. Nilishika tasbihi, nikachezesha midomo kana kwamba naleta uradi.

Akazima cherehani yake, kama asiyetaka kunisumbua.

Nikaona haya. "Sikuwa katika uradi," nikakiri.

"Najua, mzee. Punje hazikusogea hata moja."

"Mbona basi ulizima cherehani?"

"Nilikuwa nangoja hasira zako ziishe. Shikamoo."

Nikaitikia marahaba nikiwa nimeinamisha uso, nikamwomba radhi.

Ndugu zangu, ni mimi huyuhuyu ninayewasomesha watoto wenu adabu za salamu madrasani. Nanyi pia nawaomba radhi, na nasaha zenu nitazipokea.