Pasta ya Mjomba

Askari alimbandua mama yangu vidole kwenye ubao wa nyuma wa lori, kimoja kimoja, bila hasira, kama mtu anayechambua dagaa. Lori likaondoka kwenda kwetu Olumbi. Sisi kumi na mmoja, nyumba nne za ukoo mmoja, tukabaki ndani ya lango la kambi, na lango likafungwa. Mama hakulia. Aliniuliza tu, "Kwani wameita jina la nani?"

Walikuwa wameita jina la mjomba wangu, kaka yake mama. Tulishamzika kambini humo humo. Askari alisema kama mwenye jina hayupo, basi nafasi haina mtu.

Nirudi nyuma kidogo. Tulipofika tukikimbia vita, karani alituandikisha kwa kompyuta. Kila nyumba karatasi yake, ikapigwa picha, ikawekwa kwenye kitu wanachokiita pasta, yaani mfuko wa humo ndani ya mashine. Sisi wanawake tukakataa kuandikwa kila nyumba peke yake. Kwetu nyumba hutajwa kwa mjomba. Ukijitaja peke yako ni kama umefukuzwa kwenye ukoo. Nikamwambia karani, "Mwanangu, sisi tuweke kwa mjomba wetu."

Akacheka. "Haya mama. Nawafungulia pasta yenu kwa jina lake, ndani ya pasta kubwa. Mtakaa humo kama vifaranga na mama yao."

Tukafurahi. Kosa hilo ni langu, sikatai.

Safari ya kurudi kwetu ilipotangazwa, hakuna aliyeruhusiwa kutoka langoni bila kuwamo kwenye lista, yaani orodha ya majina ya wasafiri. Mama miguu ilishavimba. Kila siku neno lake lilikuwa moja: nisizikwe hapa.

Siku ya tatu baada ya lori kuondoka nilimwendea karani. Hakunificha kitu. Lista ile haikuandikwa na mtu. Yeye aliandika mistari michache ya kuiamuru kompyuta isome vilivyomo kwenye pasta kubwa, ivitaje. Ikavitaja. Ikikuta karatasi, inataja jina la nyumba hiyo. Ilipoikuta pasta yetu ikataja jina la mjomba, ikapita. Haikuingia ndani. Ni sawa na kumtuma mtu akahesabu waliolala, naye akahesabu milango.

"Sasa sisi tumo au hatumo?"

"Mmo, mama. Tazama."

Akaifungua. Tulikuwamo, karatasi zote nne, ya mama ikiwa ya kwanza, na alama ya dole gumba lake.

"Kuiambia iingie ndani ni kazi kubwa?"

"Mstari mmoja. Au miwili."

"Na wewe hukujua?"

Akatazama meza. "Niliona siku moja kabla. Nikamwambia mkuu. Akasema lista imeshagongwa muhuri."

Nikaenda kwa huyo mkuu wa kambi. Akanijibu huku anakunywa chai. "Mama, mashine haina chuki na mtu. Subirini lista nyingine."

"Itasomwa na mashine ile ile?"

"Kumbe umesomea kompyuta, wewe." Ofisi nzima ikacheka.

Tukasubiri. Mvua ikanyesha, wenzetu wa lori wakapanda mihogo yao, sisi tukaitazama barabara kupitia waya. Ukikaribia lango unaulizwa jina, ukilitaja unaambiwa halimo. Nilifika mahali nikaogopa hata kulitaja.

Mama alikufa kabla mvua haijakatika. Tumemzika nyuma ya vyoo. Ndiko kulikobaki nafasi. Lista nyingine hadi leo hatujaiona, na karani amehamishwa.

Mkuu yupo. Kila asubuhi ananipita, ananiambia habari za asubuhi, mama. Mimi shule yangu ni ndogo, lakini haya nimeyaandika kwa mkono wangu ili asiseme hakuambiwa. Karani aitwe arudi. Wasimame wote wawili penye kaburi lile, mbele ya watu, waseme nani aliona na nani alikataa mstari mmoja uongezwe. Mashine wasiitaje. Nataka mkuu ndiye aanze kujibu.